Kansa ya ini: panya wa maabara anatuambia nini, na nini hawezi

Hapa Bukavu mtu akivimba tumbo na macho yakawa manjano, dalili ambazo kansa ya ini nayo huleta, mtaa unasema karuho, yaani amelishwa sumu, kabla hata hajapigwa ekografi wala kupimwa hepatiti. Waliosoma huwacheka, kisha wao wenyewe wanashika imani nyingine: kwamba panya wa maabara ameshamaliza maswali yote. Kauli zao tatu ni hizi.

"Kisichomdhuru panya hakimdhuru mtu." Si kweli, na ushahidi uko kwenye karanga. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu ya ukungu huo ndiyo aflatoksini. Panya wa maabara wa aina kubwa (rat) wakilishwa hata kiasi kidogo sana, huota kansa ya ini. Panya wa aina ndogo (souris), wakishakomaa, wanaila na kuendelea na maisha, kwa sababu ini lao lina kimeng'enya (enzimu) kinachoizima sumu kabla haijashika DNA. Ini letu halina kinga kali namna hiyo. Mtafiti angetegemea panya wa aina ndogo peke yao, angetwambia mahindi yenye ukungu hayana neno. Na tusijidanganye na sufuria: sumu hii huvumilia moto wa kupikia bugali.

"Wanawaambukiza panya hepatiti B, halafu wanangoja kansa." Virusi hivyo havimwingii panya. Mlango wao kwenye seli za ini, kipokezi NTCP, ulitambuliwa mwaka 2012, na wa panya umetofautiana na wetu. Ndiyo maana wengine humtia panya jeni za virusi, wengine humpandikizia seli za ini la mtu. Kuna pia marmota wa Amerika Kaskazini, mnyama wa jamii ya kindi, mwenye virusi vyake vilivyo ndugu wa hepatiti B, vilivyotambuliwa mwaka 1978. Akiambukizwa mchanga na virusi vikadumu, karibu kila mara hupata kansa ya ini. Mimi ningemsikiliza huyo kwanza, ingawa kumfuga ni kazi: majira ya baridi hulala miezi.

"Uvimbe wa panya umeyeyuka, basi dawa imepatikana." Pole pole. Panya anayepandikizwa uvimbe wa binadamu huchaguliwa asiye na kinga ya mwili, la sivyo ataukataa. Dawa ya kuamsha kinga haikuti cha kuamsha. Tena ini lake mara nyingi ni zima, wakati kansa nyingi za ini kwa watu huota penye makovu ya miaka. Wengine sasa humpa panya kwanza kaboni tetrakloridi, kemikali inayoumiza ini, hadi ini lipate makovu, au humlisha mafuta na sukari hadi linenepe, ndipo wanaanza kupima dawa.