Stesheni ya Musashi-Sakai: eti wanakijiji waliikataa treni?

Kuna stori ya siku nyingi kule Tokyo, kwamba reli ya Chuo (ni jina la njia ya treni, sio chuo cha masomo) ilipita mbali na miji ya zamani kama Fuchu na Chofu sababu wenyeji waliigomea, eti moshi utaua miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri na nyumba za wageni zitakosa wateja. Tamu, ila haishiki.

We fungua tu ramani. Kutoka Higashi-Nakano mpaka Tachikawa reli imenyooka kama uzi uliovutwa, karibu kilomita 25, na reli inayokwepa watu wenye hasira ingepinda-pinda, hii wapi? Uwanda wa Musashino, inapopita reli hii, ni tambarare, mwaka 1889 reli ilipofunguliwa ulikuwa mashamba na vichaka, na wajenzi walitaka kuwahi Tachikawa kisha Hachioji kwenye biashara ya hariri, sio kuokota abiria njiani. Ndo maana stesheni ya Sakai, hii Musashi-Sakai ya leo, iliangukia katikati ya mashamba.

Mwanajiografia Eiichi Aoki alizichambua stori za aina hii, nyingi akakuta hazina ushahidi wa maandishi wa enzi zile. Zilikuja kuandikwa baadaye sana.