Je, wajua mkanda wa umeme unaweza kukaza misuli ya tumbo na kitambi kikabaki palepale?

Mimi mkanda wangu niliununua nikiamini umeme unayeyusha mafuta. Unaufunga tumboni, unabonyeza kitufe, nyama inaanza kuruka yenyewe kama kope inavyochezacheza, nikasema kitambi kwishney. Nikakaa nao kwenye kochi wiki kadhaa, sahani ya chipsi mayai mapajani. Suruali ikabana vilevile.

Kumbe kinachoruka pale ni msuli, mafuta hayana habari. Mafuta hayajui kujikunja, tena yakiwa mengi yanakuwa kama godoro katikati, umeme haufiki vizuri kwenye msuli, unaongeza nguvu halafu ngozi ndo inachomwachomwa. Na hata msuli wa tumbo ukifanya kazi kweli, mwili hauchukui mafuta ya jirani yake, unachota popote unapotaka. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa AbTronic, AB Energizer na Fast Abs kwa matangazo ya namna hiyohiyo. Nikahitimisha ni utapeli mtupu, na hapo nikakosea mara ya pili.

Sababu msuli wenyewe unafanya mazoezi kweli. Umeme ule unaamsha neva, neva ndo inaamrisha msuli, mambo ambayo Galvani, mwanasayansi wa Italia, alishayaona kwenye miguu ya chura karne ya 18. Tofauti iko kwenye nyuzi zipi za msuli zinaitwa kazini. Ubongo ni kama nyapara mzoefu kwenye mjengo: anaanza na vibarua wadogo wasiochoka haraka, mzigo ukizidi anaita wenye miili, wakichoka anawabadilisha zamu. Mkanda hauna akili hiyo, ni mtu anayepiga filimbi mlangoni, anakurupusha wote walio karibu, wakubwa kwa wadogo, kwa mpigo mmoja, na akipiga tena wanatoka walewale. Ndo maana unachoka haraka na kesho yake kucheka kunauma. Wa mbali na mlango wanaendelea kulala.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse walitoa majibu ya watu 40, 24 wakivaa mkanda siku tano kwa wiki, wiki 8. Nguvu ya tumbo ilipanda asilimia 58. Ni watu wachache, na mkanda ulikuwa wa maana, sio kila kimkanda cha betri kina nguvu hiyo. Mwenye pacemaker, kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asiuguse kabisa, mjamzito naye auache.

Ila kilichonifurahisha ni hiki: kiuno kilipungua sentimita 3.5, uzito haukubadilika, na mafuta chini ya ngozi walipoyapima yalikuwa yaleyale. Yaani inaelekea msuli uliokaza uliyavuta tu ndani, kama unavyobana tumbo mtu akitoa simu apige picha.