Nani yuko mlangoni saa nane za usiku? Jinsi gereza linavyopaswa kuhesabu watumishi wake

Kila fujo zinapotokea gerezani, au wafungwa wanapotoroka, neno la kwanza kusikika ni kwamba walinzi ni wachache. Mara nyingi ni kweli. Ila ukiuliza wamepungua wangapi, sehemu gani na saa ngapi, wengi hukosa jibu, na barua inayopelekwa mkoani au Kinshasa huandikwa kwa kukadiria: «tunaomba walinzi sitini». Mwenye fedha akiuliza kwa nini wasiwe thelathini, hakuna wa kumjibu. Barua inaingia kwenye farde, yaani faili, na kukaa humo.

Kazi ya kitengo chetu ni kuwafundisha wakubwa wa magereza na wasaidizi wao kuifanya hesabu hiyo kwa namna inayoweza kutetewa mbele ya mtu yeyote. Naieleza hapa kwa sababu haipaswi kuwa siri ya ofisi. Mama anayepeleka chakula gereza la Kasapa, mwanasheria, mwandishi wa habari, mbunge wa mkoa, wote wana haki ya kuuliza maswali haya haya.

Njia ambayo watu huikimbilia ni kugawanya idadi ya wafungwa kwa idadi ya walinzi. Inaonekana rahisi, lakini inadanganya. Gereza kuu la Kasapa, hapa Lubumbashi, lilijengwa 1958 kwa watu wapatao 800, na kwa miaka mingi limebeba zaidi ya 2,000. Utagawanya kwa idadi ipi? Ukitumia ile ya zamani, unajidanganya kwamba walinzi wanatosha. Ukitumia ya leo, unapata tarakimu kubwa ambayo hakuna bajeti itakayoifikia, na bado hujui utawaweka wapi watu hao. Ukuta wenye minara minne unadai walinzi wake hata kama ndani mna wafungwa kumi. Ua mmoja ambao mtu akisimama anauona wote unaweza kulindwa na wachache kuliko korido tatu zenye kona. Idadi ya wafungwa haiyasemi hayo.

Kwa hiyo tunaanza na kazi, majina ya watu yanakuja baadaye. Katika mafunzo tunawatuma washiriki watembee gereza lao lote, kutoka mlango mkubwa mpaka selo ya mwisho, wakiwa na daftari. Kila mahali ambapo lazima pawe na mtu panaandikwa: mlango mkubwa, mnara, mlango wa ua wa wanawake, zahanati, jiko ambapo vungule, chakula cha wafungwa, inapikwa, mahali pa kupokea wageni, chumba cha silaha, ofisi ya kumbukumbu za wafungwa, ile tunayoiita grefu. Mbele ya kila sehemu wanaandika: inahitaji mtu kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, siku zipi, ni lazima awe mwanamke au mwanaume, na je, inaweza kuachwa kwa nusu saa bila hatari? Swali la mwisho ndilo linaloleta mabishano makali, na mabishano hayo yana faida, kwa kuwa mara nyingi ni mara ya kwanza direkta na mlinzi wa zamu ya usiku kulijadili pamoja.

Sasa tuingie kwenye saa. Chukua mlango mmoja usioweza kukaa bila mtu hata dakika moja. Siku ina saa 24, mwaka una siku 365: mlango huo unadai saa 8,760 za kazi kwa mwaka. Wengi hudhani watu watatu wanatosha, kila mmoja na zamu yake ya saa nane. Tuone mtu mmoja anatoa saa ngapi. Tuchukue juma la saa 45, kikomo ambacho sheria ya kazi ya Kongo imewawekea waajiriwa wa kawaida. Kwa majuma 52 ni saa 2,340. Lakini hakuna binadamu anayezitoa zote. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mlinzi wetu ana likizo ya majuma manne (saa 180), anaugua siku kumi (saa 90), anapumzika sikukuu kumi za serikali (saa 90), anahudhuria mafunzo siku tano (saa 45), ana siku tano za msiba katika familia (saa 45), na kila mwezi siku moja inapotea akifuatilia mshahara wake (saa 108). Jumla ni saa 558. Ukizitoa, zinabaki saa 1,782.

Gawanya 8,760 kwa 1,782: unapata 4.9. Mlango mmoja, mchana na usiku, mwaka mzima, unataka watu watano. Hapo darasa hunyamaza, kisha watu huanza kuhesabu upya wakidhani tumekosea.

Igeuze hesabu hiyo uone upande wa pili. Gereza lenye walinzi 50 kwenye listi linaonekana na nguvu. Lakini ukiwagawanya kwa watano watano, kwa saa yoyote ile walio kazini ni kumi. Watu 50 kwenye karatasi ni watu 10 waliosimama. Ondoa wanaosindikiza mahabusu kwenda mahakamani asubuhi, na wale wa minara, uone ndani ya ua wanabaki wangapi.

Tarakimu za likizo na magonjwa nilizoweka hapo juu ni za mfano. Kila gereza linapaswa kutafuta zake kwenye registre, yaani daftari, ya mahudhurio ya mwaka uliopita, na ikiwa registre hiyo haijazwi vizuri, kazi ya kwanza ya mafunzo ni kuijaza. Hatukubali makadirio ya mdomo. Mkubwa anaweza kuwa na hakika kwamba watu wake hawaugui, mpaka karatasi iseme vingine.

Kuna jambo ambalo kwetu haliwezi kurukwa: listi yenyewe. Kongo inao watumishi wengi wa serikali wanaofanya kazi bila namba ya matrikule au bila kuwemo kwenye listi ya mshahara, wale wanaoitwa nouvelles unités. Mtu wa namna hiyo anafika kazini siku anazoweza, kwa sababu siku nyingine lazima atafute chakula cha watoto. Ukimhesabu kama saa 1,782, umejidanganya, tena umemdhulumu. Tunawafundisha washiriki kumwandika kwa saa anazotoa kweli, na katika ripoti pengo lake litajwe wazi kuwa ni pengo la malipo. Wizara ikisoma itajua kwamba hapo haihitaji kuajiri mtu mpya, inahitaji kumlipa aliyepo.

Nafasi isiyo na mtumishi gerezani haibaki tupu. Mfungwa anaijaza. Katika darasa la aina hii, mkufunzi anauliza: «Papa, usiku nani anafunga selo?» na jibu linaweza kuja bila kuficha: «Ni kapita njo anabeba fungulo.» Yeyote aliyewahi kuwa na ndugu boloko, yaani gerezani, anajua kapita ni nani: mfungwa anayetawala wafungwa wenzake, anayegawa mahali pa kulala, anayepokea fedha za mgeni mpya, anayepiga. Kanuni ya 40 ya Kanuni za Mandela, zinazoeleza jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, inakataza mfungwa kupewa mamlaka ya nidhamu juu ya wenzake. Lakini kuandika amri kwamba kapita wameondolewa hakubadilishi kitu ikiwa hujaonyesha mtumishi gani atashika fungulo hizo, kuanzia saa ngapi. Ndiyo maana tunadai kazi zote zinazofanywa na kapita ziandikwe kwenye daftari kama kazi zinazosubiri mtumishi. Washiriki wengine huona aibu kuziandika. Tunawahimiza waandike.

Upande wa wanawake unahitaji hesabu yake peke yake. Septemba 2020 wafungwa waliliteka gereza la Kasapa. Sehemu ya wanawake ilichomwa moto, na kwa siku tatu wanawake walibakwa kabla ya vikosi vya serikali kurudisha utawala. Septemba 2024, katika jaribio la kutoroka Makala, Kinshasa, gereza lililojengwa kwa watu 1,500, serikali ilitangaza vifo 129, na huko pia wanawake walibakwa. Sisemi hesabu ya watumishi peke yake ingezuia misiba hiyo. Msongamano, silaha, siasa na ucheleweshaji wa kesi vyote vimo. Ila kuna jambo linaloweza kupimwa. Kanuni ya 81 ya hizo hizo Kanuni za Mandela inataka wafungwa wanawake wasimamiwe na watumishi wanawake, fungulo za sehemu hiyo zishikwe na mwanamke anayewajibika, na mtumishi mwanaume asiingie bila kufuatana na mwanamke. Basi mlango huo mmoja unadai wanawake watano. Mwanaume wa akiba hawezi kuwaziba. Gereza lenye walinzi wanawake watatu kwa jumla lina usiku ambao mlango huo hauna mtu halali, na kwa hesabu hii unaweza kuutaja usiku huo kwa tarehe.

Watu wakisikia watumishi wa gereza wanafikiria mlinzi mwenye bunduki. Mimi nina wasiwasi zaidi na karani wa grefu. Kwa sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai, hati ya kukamatwa kwa muda ina siku tano za kumfikisha mtu mbele ya jaji. Jaji akiruhusu, kuwekwa mahabusu ni siku 15, kisha huongezwa mwezi kwa mwezi. Magereza yetu yamejaa mahabusu ambao bado hawajahukumiwa, na kila mmoja ana tarehe zake. Lazima awepo mtu wa kuzisoma kila asubuhi, kuandika barua kwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, kufuatilia. Karani mmoja mwenye faili 2,000 hawezi. Anayesahauliwa anaendelea kulala chini, anakula, anahitaji kulindwa. Kuongeza makarani wawili kunaweza kupunguza msongamano kuliko kuongeza walinzi kumi, na katika hesabu za magereza ni nadra sana kukuta mtu ameomba karani.

Mbinu hii haikuzaliwa hapa. Mwaka 1971 uasi wa gereza la Attica, jimbo la New York, uliisha na watu 43 wamekufa. Mwaka 1974 Marekani ikaanzisha taasisi ya taifa ya mambo ya magereza, NIC, iliyopewa kazi ya kufundisha na kushauri magereza ya majimbo na ya wilaya. Taasisi hiyo ndiyo iliyoipanga hesabu ya watumishi katika hatua kumi, kuanzia kulieleza gereza lenyewe, kupitia saa halisi za kazi, ratiba ya shughuli za siku na mpango wa zamu, hadi gharama na ripoti. Hatua hizo tumezichukua karibu zote. Tulichoongeza ni yale ambayo wao hawakulazimika kuyafikiria: siku za kufuatilia mshahara, watumishi wasio na matrikule, na kapita.

Timu inayokuja kufundishwa haipaswi kuwa ya direkta peke yake. Tunaomba aje pia mtu wa fedha, karani wa grefu, muuguzi, na angalau mlinzi mmoja wa usiku, mwanamke akipatikana. Siku mbili za kwanza wanakaa na hesabu. Zinazofuata wanarudi gerezani kuangalia. Uangalizi huo lazima uguse siku ya wageni, asubuhi yenye safari ya mahakamani, na usiku mmoja mzima.

Mwisho wa kazi hiyo gereza lina jedwali linalosema: kazi hizi haziwezi kuachwa kamwe, hizi zinaweza kusogezwa, hizi zinafungwa watu wakipungua chini ya idadi fulani. Sheria namba 23/028 ya Juni 2023 imeweka misingi mipya ya utaratibu wa magereza baada ya zaidi ya nusu karne ya kutegemea amri ya 1965, na utekelezaji wake utadai watu. Barua ya kuwaomba iandikwe na jedwali hilo likiwa nyuma yake: mlango kwa mlango, saa kwa saa, pamoja na orodha ya milango ambayo usiku huu haina mtumishi.