Runinga ya umma ni ipi, na mzazi wa Lamu inamhusu nini?

Runinga ya umma ni kituo kinachogharamiwa na wananchi, kinachotangaza kwa ajili ya wananchi wote, na ambacho habari zake haziamuliwi na waziri wala na mwenye tangazo la sabuni. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kituo kinaweza kupokea fedha za hazina kuu mwaka hadi mwaka na bado kisiwe cha umma, kikawa msemaji wa serikali tu aliyepewa kamera.

Sheria ya Kenya ya Habari na Mawasiliano inagawa utangazaji katika mafungu matatu: wa umma, wa kibinafsi na wa jamii. Wa kibinafsi ni biashara. Wa jamii ni ule wa redio ndogo ya mahali, inayoendeshwa na watu wa hapo hapo bila kutafuta faida. Wa umma umekabidhiwa shirika moja, KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya.

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, walipoingia Gredi ya 10, wanakogawiwa mikondo ya masomo, pale Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu baraza za alasiri zilikuwa na gumzo moja.

"Ami, kijana wako kapewa mkondo gani?"

"Sayansi. Na shule yenyewe maabara ni chumba kimoja, wanapokezana."

"Haya yaliamuliwa lini? Sisi tuliulizwa?"

"Mliulizwa. Lilitoka tangazo gazetini."

Watu wakacheka, maana gazeti lenyewe hapa hufika likiwa limechelewa, na ni wangapi wanaolinunua. Lakini swali la yule bwana ndilo hasa linaloifanya runinga ya umma iwe na kazi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya uongozi, na Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe watu katika shughuli zake. Elimu ni jambo ambalo kila nyumba ina neno nalo: mikondo mitatu ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12 (sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo), shule zisizo na mikondo yote, walimu, karo, bweni. Haki ya kusema ipo. Njia ya kusemea ndiyo nyembamba.

Tazama inavyokwenda. Tangazo la kualika maoni linatoka, kikao kinapangwa mjini, mara nyingi siku ya kazi. Mtu wa Kizingitini au Kiwayu, visiwani, anayetaka kuja anaangalia kwanza maji, kwa sababu boti hufuata kujaa na kupwa. Anatafuta nauli. Siku hiyo baharini haendi. Akifika anapewa dakika mbili za kuzungumza juu ya waraka alioletewa mlangoni, wa kurasa nyingi, kwa Kiingereza. Hapo orodha ya mahudhurio inatiwa saini, na umma umeshirikishwa.

Si kwamba hakuna anayezunguka. Jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoteuliwa Septemba 2022 kuangalia upya elimu, lilikwenda kaunti mbalimbali kusikiliza watu, na pendekezo lake la mapema la kuiacha sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ndani ya shule za msingi lilifuatwa. Ila kikao ni cha siku moja. Mtu huja kikaoni na maoni aliyokwisha kuyapika mahali pengine, na kama hakuwa na pa kuyapikia, anakuja na manung'uniko tu.

Pa kupikia maoni ndipo runinga ya umma inapotakiwa kuwa. Wiki kadhaa kabla ya uamuzi, saa ambayo watu wako nyumbani, kwa Kiswahili: afisa wa wizara upande huu, mwalimu kutoka chama cha walimu upande ule, mzazi kutoka kaunti ya mbali, na mtangazaji asiyeogopa kuuliza mara ya tatu swali lililokwepwa mara mbili. Kisha kipindi kirudiwe, na siku ya pili wazungumze waliopinga ya jana. Hiyo si hisani. Sheria ya KBC inalitaka shirika liwe huru, lisipendelee upande, na ligawe saa za matangazo kwa haki baina ya misimamo tofauti ya kisiasa. Na Kifungu cha 34 cha Katiba, ibara ya 4, kinasema vyombo vya habari vya Serikali viwe huru kuamua vitangaze nini, visipendelee, na viwape fursa ya haki wenye maoni tofauti na wanaopinga. Wanaopinga wametajwa mle mle ndani ya Katiba.

Kwamba mjadala hubadilisha mambo, tumeliona juzi tu. Mpango wa sekondari pevu ulikuwa umeifanya hisabati kuwa ya hiari kwa wasiochukua mkondo wa sayansi. Wazazi, walimu na wataalamu wakapiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma hisabati kwa namna moja au nyingine. Nakubali uamuzi huo. Lakini ningependa kujua ni wazazi wangapi wa visiwani waliopata kuusikia ubishi wenyewe kabla haujaisha, wa upande wowote.

Hapa kuna jambo ambalo watu huchanganya. Ukisema runinga ya umma na elimu, wengi hufikiria vipindi vya masomo. Kweli, ni kazi yake pia, na Kenya ina historia ndefu ya vipindi vya redio kwa shule. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, taasisi ya mitaala, KICD, ilipeleka masomo kwa redio za KBC na kwa chaneli yake ya Edu, na pia intaneti. Mwenye redio alisikiliza. Asiyekuwa na umeme wala mawimbi alisubiri shule zifunguliwe, wengi mpaka Januari 2021. Hilo ni jema na liendelee. Lakini kituo kinachofundisha hisabati mchana kutwa bila kuuliza hata siku moja kwa nini mwalimu wa hisabati hayupo shuleni kimefanya nusu ya kazi, tena nusu ile isiyomuudhi mkubwa yeyote.

Kwa wakubwa, KBC imeishi karibu nao mno. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika likatwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, chini ya wizara. Jina la KBC likarudi kwa sheria mwaka 1989, na mwaka uliofuata KTN ikafungua mlango wa runinga za kibinafsi. Waliokuwa watu wazima enzi zile wanaikumbuka taarifa ya habari iliyoanza kila usiku na safari za Rais, awe amezindua kiwanda au amepanda mti. Sheria imebadilika, ila mwenyekiti wa bodi bado ni mteule wa Rais. Mtu anaweza kuteuliwa hivyo na akafanya kazi ya haki, naamini wapo. Mpango unaotegemea wema wa mtu, hata hivyo, si mpango.

Halafu fedha, na hapa ndipo mzozo ulipo duniani kote. Uingereza kila nyumba inayotazama runinga hulipa ada, pauni 174.50 kwa mwaka ilipofika 2025, ili BBC isimwangukie waziri miguuni kila bajeti. Hati inayoiongoza BBC inaisha mwishoni mwa 2027, na wako wanaotaka ada hiyo ifutwe kwa kuwa vijana hawaitazami tena. Marekani wameshakata shauri: Julai 2025 Bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, na mwezi uliofuata shirika lililokuwa likizigawa likatangaza kufunga shughuli zake. Vituo vya miji mikubwa vina wafadhili matajiri. Vya mashambani ndivyo vilivyokuwa vikiutegemea mgao huo kuliko wengine.

Kenya tuko katikati. KBC hupata fedha za serikali, hutafuta matangazo ya biashara kama wenzake, na imebeba madeni ya miaka mingi. Machi 2025 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yaelekezwe KBC. Wengine waliuona ni msaada. Mimi naona ni kuliongezea shirika sababu ya kunyamaza, kwa sababu mteja mkubwa ndiye yule yule anayepaswa kuulizwa maswali. Afadhali fungu linalojulikana, lililowekwa na sheria kwa miaka kadhaa mbele, hata likiwa dogo, ambalo hakuna mkono wa mtu mmoja unaoweza kulikata kesho.

Atasema mtu: tunayo mitandao, tunavyo vituo vya kibinafsi, runinga ya umma ya nini tena? Vituo vya kibinafsi vimefanya kazi kubwa, na mara nyingi ndivyo vilivyothubutu pale wengine walipojikunyata. Lakini huuza masikio ya watazamaji kwa wenye matangazo, na wanaotakiwa sana na wenye matangazo hawako Faza, kule kisiwani Pate. Mgomo wa walimu utaonyeshwa siku walimu wakikabiliwa na vitoa machozi Nairobi. Shule za wadi ya Basuba, upande wa msitu wa Boni, zilizokaa zimefungwa miaka kwa sababu ya usalama, hazina tangazo la biashara litakalozilipia kipindi. Mitandaoni nako kila mtu husikia wa kwake, kisha kifurushi kinakwisha.

La mawimbi nalitaja kwa ufupi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015, asiye na king'amuzi au dishi hana runinga. Madishi yapo mpaka juu ya mapaa ya makuti, na tuseme kweli, mengi yalinunuliwa kwa ajili ya mpira. Kituo kinachojiita cha umma kinapaswa kufika kila mahali panapofika daftari la wapiga kura, na kifike bure.

Mzazi anayetaka kuipima KBC ana chombo mkononi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu Mkenya yeyote kuiandikia taasisi ya umma na kuomba habari, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ajibiwe ndani ya siku 21. Asiporidhika anapeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Maswali yenyewe ni mepesi: kabla ya Gredi ya 10 kuanza, mlitenga saa ngapi kuijadili mikondo ya sekondari pevu? Ngapi kati ya hizo zilikuwa kwa Kiswahili? Nani walialikwa kuipinga wizara, na katika kaunti 47, ni kaunti zipi zilizotoa hata mzazi mmoja?