Bomba limepasuka: funga maji kwanza, tundu litasubiri

Simu za dharura ninazopigiwa karibu zote huanza hivi: "Fundi, bomba limepasuka, njoo upesi!" Nami swali langu la kwanza ni lile lile kila siku: "Maji umeshayafunga?" Mara nyingi jibu ni kimya, na nyuma ya kimya hicho nasikia maji yanavyofoka.

Kuna mama mmoja aliyenipigia saa nane za usiku. Bomba la chini ya sinki la jikoni lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, na wanawe watatu walikuwa wakipokezana kushikilia taulo juu ya tundu. Walikuwa wameishikilia karibu nusu saa. Nikamwambia, "Mama, waache watoto waachie hiyo taulo, wewe nenda ukatafute koki kuu." Hakujua ilipo. Tukaitafuta kwa simu, mimi namwelekeza, yeye anasogeza vitu, mpaka akaikuta nyuma ya kabati la stoo, hatua sita tu kutoka jikoni. Akaifunga, maji yakakata. Kuanzia hapo haikuwa dharura tena, ilikuwa kazi ya kawaida ambayo ingeweza kungoja asubuhi. Kilichoniuma nilipofika ni kuona madaftari ya shule yaliyoloana na magodoro yaliyokunywa maji, vitu ambavyo vingepona kama koki ile ingejulikana.

Ndiyo maana nasema kila ninapopata nafasi: kuziba tundu ni kazi yangu, kufunga maji ni kazi ya mwenye nyumba. Hata nikiishi jirani, siwezi kufika kabla yako.

Hebu tupige hesabu. Msukumo wa maji tunaupima kwa baa, na baa moja ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama wima mita 10. Chukua bomba lenye msukumo wa baa 3, litoboke tundu la milimita 3, dogo kuliko punje ya mchele kwa urefu. Tundu hilo linatoa kama lita 6 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu na ushei. Ukilala kwa muda wa saa nane bila kujua, umemwaga karibu tani 3 za maji ndani ya nyumba. Na hilo ni tundu tu, bomba halijakatika.

Usiku nimeutaja kwa sababu. Watu wengi huniuliza mbona mabomba yao hupasuka wakiwa wamelala. Mchana mtaa mzima unatumia maji na msukumo unashuka. Usiku kila mtu amefunga, msukumo unapanda, na palipokuwa pamechoka panaachia. Bomba la chuma lililoliwa na kutu kwa ndani, kiungo cha plastiki ambacho gundi haikushika vizuri, bomba la plastiki ngumu, PVC, lililoachwa juani miaka mingi hadi likawa linavunjika kama kigae: vyote hivyo husubiri saa hiyo. Kwenye nchi za baridi kali kuna jambo jingine, maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na hakuna bomba la kawaida linaloweza kuyazuia yasitanuke.

Sasa, ukishasikia maji yanafoka, fanya nini? Kwanza tazama umeme. Kama maji yanarukia soketi, swichi au taa, au yanaelekea huko, zima swichi kuu ya nyumba, lakini uizime tu kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama njia ya kuifikia imeshajaa maji, toa watu nje na uwaite wahusika wa umeme waukate kutoka nje. Katika hili sina mjadala na mtu. Godoro linanunuliwa jingine.

Kisha koki kuu. Kwa kawaida iko karibu na mita, au pale bomba linapoingilia nyumbani. Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Boli valvu ina mkono mmoja: mkono ukilala sambamba na bomba, maji yako wazi, ukiukalisha kukingama na bomba, yamefungwa. Ni robo mzunguko tu. Geti valvu ina kichwa cha kuzungusha kama usukani, nayo unaizungusha kuelekea kulia mara kadhaa mpaka ikaze. Hii ya pili ndiyo inayowatesa watu, kwa sababu ikikaa miaka bila kuguswa hushika. Usiipige kwa nyundo wala kuibana kwa spana kubwa ukaisokota kwa hasira. Ule mhimili wa ndani hukatika, na hapo unabaki na koki isiyofungika kabisa. Izungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, kushoto tena, itaanza kulegea yenyewe.

Wenye tangi juu ya nyumba, hapa ndipo wengi wenu hukwama. Unafunga koki ya mita, unangoja, na maji yanaendelea kumwagika kana kwamba hujafanya kitu. Umefunga maji yanayopanda kwenye tangi, hujafunga yanayoshuka. Lazima kuwe na koki kwenye bomba linalotoka chini ya tangi, na hiyo ndiyo unayoihitaji. Kama nyumba ina pampu, ichomoe, maana pampu nyingi hujiwasha zenyewe msukumo unaposhuka, na bomba lililopasuka hushusha msukumo muda wote. Zima pia hita ya maji, kwa sababu hita ikibaki tupu huku inawaka, koili yake inaungua.

Ukishafunga, fungua bomba la chini kuliko yote nyumbani, la uani au la bafuni. Wengi huruka hatua hii. Maji yaliyobaki ndani ya mabomba bado yatatafuta tundu, basi wewe yapatie njia nzuri zaidi. Na kama koki kuu imegoma kabisa, fungua mabomba yote ya nyumba kwa pamoja yamwagikie kwenye masinki na ndoo. Msukumo ukigawanyika, kwenye tundu unapungua, nawe unapata nafasi ya kulifunga.

Kulifunga kwa nini? Kwa tundu dogo, kipande cha tyubu ya baiskeli hushinda dawa nyingi za dukani. Futa bomba, zungushia mpira huku ukiuvuta kwa nguvu, anzia kando ya tundu na umalizie upande wa pili, kisha ubane kwa klampu mbili au waya. Bomba jeusi laini la kuzikwa ardhini unaweza kulikunja na kulifunga kamba pale linapokunjika. Bomba lililokatika kabisa, chonga kijiti cha mti laini kama kizibo na ukigongee ndani. Mti ukinywa maji huvimba na kujikaza wenyewe. Ila ufa mrefu unaofuata urefu wa bomba usijisumbue nao. Ukiubana hapa unafunguka pale, dawa yake ni kukata kipande chote.

Kama maji yametoka juu na dari imetuna kama tumbo, watoe watu chini yake mara moja. Sentimita moja tu ya maji juu ya kila mita ya mraba ni kilo 10, na ubao wa dari ukishalowa hauna nguvu. Umeme ukiwa umezimwa, weka beseni, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi pale palipotuna zaidi. Dari yenye tundu inazibwa, ila ikishuka yote kwa mkupuo inaweza kumuua mtu.

Piga picha kabla hujaanza kufuta. Mwenye nyumba au bima watazitaka.

Fundi akifika, usimharakishe kwenye jambo moja: ukavu. Bomba la PPR, ile plastiki ya kuungwa kwa moto, tunaliunga kwa kuliyeyusha kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, na lile la milimita 20 linahitaji sekunde 5 tu. Lakini tone moja la maji likiteremka wakati huo linageuka mvuke, na muungo unabaki na vishimo ambavyo huvioni. Utakaa mwezi, utakaa mwaka, kisha utaachia. Kazi nyingi ninazoitiwa kurudia ni za fundi aliyeunga bomba likiwa bado linachuruzika kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yake akitaka maji yarudi. Gundi ya PVC nayo inataka muda ulioandikwa kwenye kopo lake, na muda huo si mapambo.

Kurudisha maji pia kuna namna yake. Acha bomba la mbali zaidi likiwa wazi, fungua koki kuu robo, usikie hewa inavyotoka kwa kukohoa. Ukiifungua yote ghafla, maji yanaisukuma hewa na kugonga viungo kama nyundo, na kiungo kingine kilichochoka kinaweza kuachia. Maji yakitoka mfululizo, ndipo umalizie kuifungua. Hita usiiwashe mpaka bomba la maji moto litoe maji bila kukatika.

Na kama ukuta ulibomolewa ili kulifikia bomba, usimwite mwashi siku hiyo hiyo. Acha ukuta wazi, fungua madirisha, toa mazulia nje, kwa sababu ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili palipobaki na unyevu. Usiku, kila mtu akishamaliza kutumia maji, andika namba za mita. Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, zisome tena. Kama zimesogea, kuna mahali pengine panavuja, na ni afadhali ukuta ukiwa bado wazi. Zikiwa zile zile, na ukuta ukishakauka, piga plasta.