Kipimo cha ubongo hakimtaji mwizi

Kijana analetwa Dodoma kutoka Kongwa kupimwa EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, kwa sababu ya kifafa. Kabla waya hazijabandikwa, mjomba anamvuta mtaalamu pembeni: "Daktari, humo humo tuangalizie kama ndiye aliyeuza wale mbuzi." Haiwezekani, mjomba, hata ukirudi mwezi ujao na hela mkononi.

Elektrodi 21, yaani vichwa vya waya hizo, zinapobandikwa kichwani kwa pasta, kila moja hunasa umeme wa pamoja wa maelfu kwa maelfu ya seli, usiozidi mikrovolti 100 hivi. Betri moja ya tochi ina nguvu hiyo mara 15,000. Mgonjwa akifumba macho, mchoro unabadilika. Akiuma meno, unavurugika wote. Mbuzi atasomeka wapi humo?

Wengine husema basi MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, itaweza. MRI ya utafiti hufuata oksijeni kwenye damu, na mabadiliko hayo hufika kileleni sekunde kama 5 baada ya seli kufanya kazi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walifanikiwa kukisia maana ya hadithi ambazo watu walikuwa wakisikiliza, lakini kila mmoja alilala kwenye mashine saa 16 kwanza ili programu imzoee yeye peke yake. Mtu akiamua kuhesabu au kutaja wanyama kimoyomoyo, programu inapotea njia. Bila hiari yake hupati kitu.

Madhara ya kuamini vinginevyo yameshaonekana. India, mwaka 2008, mahakama ya Pune ilimtia mwanamke hatiani kwa mauaji, na kipimo cha mawimbi ya ubongo kikiwa sehemu ya ushahidi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ikakataza kumlazimisha mtu vipimo vya aina hiyo.

Yapo na maneno mengine ya mtaani. "Kipimo kimetoka safi, kumbe anaigiza." Wapi! EEG ya kwanza hukosa alama kwa karibu nusu ya wenye kifafa. Usimwachishe dawa.

Mgonjwa akiombwa kushiriki utafiti wa ubongo, utasikia: "Ukishasaini utafiti huwezi kutoka." Unatoka siku yoyote, na matibabu yako yanaendelea kama kawaida. Na kijana wa miaka 20 mwenye akili timamu anasaini mwenyewe. Mjomba hana sahihi hapo. Kabla ya kushika kalamu, ombeni kuona kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na muulize picha zitatunzwa wapi.

"Jina likifutwa, picha haina mwenyewe." MRI ya kichwa inabeba na umbo la uso, na kompyuta inaweza kuuchora upya hadi mtu akatambulika. Dai uso ufutwe pia kabla picha haijatumwa nje.

Na "umeme wa ubongo" haupigi shoti. Mashine inapokea tu. Fumueni nywele, zioshwe kwa sabuni usiku wa kuamkia kipimo, bila mafuta. Pasta haishiki kwenye mafuta, na hapo ndipo mnaporudishwa Kongwa bila majibu.