Je, wajua kwa nini Bibi husahau jina la mwanawe lakini hauachi mkono wa dada anayemtunza?

Desemba iliyopita baba mdogo alifika Marangu saa kumi jioni, gari limejaa vumbi la safari kutoka Dar, kwapani ana blanketi jipya. Bibi alikuwa amekaa barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Mama, unanijua? Mimi nani?" Bibi alimtazama, akatabasamu kwa adabu, kisha akamgeukia dada aliyesimama kando yake na kumshika mkono: "Huyu mgeni amepewa chai?"

Dada mwenyewe katoka Singida. Alikuwa na miezi minane tu pale nyumbani, na Kichaga chote anachokijua ni "shimbonyi" na "aika". Kule jikoni shangazi akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Huyo binti kamfanyia mama kitu. Si bure."

Tukiondoa uchawi, swali la shangazi ni zuri. Mtoto uliyemzaa unamwita mgeni, na mtu wa juzi juzi hutaki akuache hata aende chooni. Inakuwaje?

Bibi ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na hayuko peke yake. Watafiti waliwahi kupima karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji 6 vya Wilaya ya Hai, hapo katikati ya Moshi na Arusha. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba takriban 6 katika kila 100 walikuwa na hali hiyo. Wengi wetu huwa tunasema "ni uzee tu" na kuendelea na mambo yetu.

Sababu yake kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao mapema kabisa hushambulia sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo huandika mambo mapya: nani alikuja jana, leo umekula nini, huyu binti anaitwa nani. Ikiharibika, ya leo hayaandikiki, na ya miaka ya karibuni hufutika kabla ya yale ya zamani. Ndiyo maana Bibi anakumbuka njia ya mfereji aliochotea maji akiwa msichana, lakini hakumbuki kama amekunywa uji.

Hapo ndipo baba mdogo alipopotelea. Mwanawe aliyebaki kichwani mwa Bibi ni kijana mwembamba wa miaka 20 mwenye begi la shule ya bweni. Aliyesimama mbele yake ni mzee mzima mwenye kitambi na mvi. Atamtambuaje? Siku nyingine humwita kwa jina la marehemu babu, na ukimtazama vizuri baba mdogo, utaona kwamba Bibi hajakosea sana.

Lakini mambo mengine hayatunzwi na hipokampasi. Mazoea ya mwili na ulimi yako kwingine: kumenya ndizi, kujifunga kanga, kupitisha rozari vidoleni. Hata "marahaba" imo humo. Bibi hajui wewe ni nani, ila mwamkie, uone kama atakosea jibu. Hisia nazo zina mahali pake, na zinaweza kubaki hata pale kisa kilichozileta kinapofutika.

Mwaka 1911 daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, aliandika habari za mwanamke aliyekuwa hawezi kutunza kumbukumbu mpya, ambaye kila siku ilibidi daktari ajitambulishe kwake upya. Siku moja daktari alificha pini kiganjani, akampa mkono, akamchoma. Baada ya muda mfupi mama yule hakukumbuka lolote. Lakini daktari alipomnyooshea mkono tena, aliurudisha wake nyuma, asijue kwa nini. (Siku hizi daktari huyo angefukuzwa kazi, na ingekuwa haki.)

Karne moja baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni, kisha za furaha, kila aina kama dakika 20. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya walichokitazama. Huzuni ilibaki. Furaha nayo ilibaki.

Sasa mtazame dada asubuhi. Anaingia chumbani akiimba kidogo kabla hajafika kitandani, ili Bibi asishtuke. Maji ya beseni anayapima kwa kiwiko. Akimaliza kumwogesha, anakaa chini na kumpaka mafuta miguuni, kutoka goti hadi kifundo, polepole, akisimulia habari za kuku. Ngozi ya miguu na mikono ina nyuzi maalumu za fahamu ambazo huitikia zaidi mguso wa taratibu, wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ndiyo kasi hasa ya mkono unaopaka mafuta bila haraka. Mambo haya yamerudiwa kila siku kwa miezi minane. Bibi hajui jina la binti, wala Singida iko upande gani. Anachojua ni kwamba mkono huu ukifika, mwili unatulia.

Nasi tunafika na nini? Mtihani. "Mama, mimi nani? Umenisahau? Yule pale je?" Kila anayeshuka garini ana swali lake, na kila swali Bibi analikosa mbele za watu. Baada ya dakika 10 maswali yote ameyasahau, lakini aibu anakaa nayo mpaka usiku. Dada hajawahi kumuuliza swali la namna hiyo.

Pini ya Claparède ina upande wa pili. Mzee akijikunyata kila mtu fulani anapoingia chumbani, msikimbilie kusema amechanganyikiwa. Huenda mwili wake unakumbuka jambo ambalo kinywa hakiwezi kulisimulia. Ila akisema dada kamwibia pesa, tazameni kwanza chini ya godoro na ndani ya debe la unga. Mara nyingi mwenyewe ameficha, akasahau, na akili ikajaza pengo kwa kumtaja aliye karibu. Dada wetu ameshaitwa mwizi mara tatu, na mara zote tatu noti zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga ya Bibi. Jioni ile ile Bibi akakataa kula mpaka binti aje. Kazi hii inachosha, na sisi tunaopenda kumwita "mtu wa nyumbani" hatukuwa tumempa hata Jumapili moja ya kupumzika.

Tarehe 27 baba mdogo aliingia tena barazani. Safari hii hakuuliza kitu. Alivuta kigoda akakaa chini ya usawa wa macho ya Bibi. "Shikamoo mama. Ni mimi, kitinda mimba wako, nimetoka Dar." "Marahaba." Dada akampa kopo la mafuta. Akaanza kupaka, kwa haraka mno, dada akamwonyesha: polepole, baba. Walikaa hivyo muda mrefu, hakuna aliyesema neno. Mguu wa kwanza ulipokwisha, Bibi, ambaye mpaka leo hajamtaja kwa jina, alivuta kanga juu kidogo akamsogezea wa pili.